Jogoo Aliyenifungua Mdomo

Bwana asifiwe! Asifiwe na kule viti vya nyuma, maana hata mimi nilikuwa mtu wa huko.

Ndugu zangu, mimi ni mchochea kuni wa boila ya mvuke, kiwanda cha chai upande wa Mponde. Shule niliishia darasa la pili. Tukaambiwa boila mpya inakuja, asiyeisomea hataigusa. Vijana watapelekwa Tanga wakafundishwe. Mimi je? Nirudi kulima maharage na mgongo huu?

Mke wangu akasema, "Baba Elia, si ukaombe na wewe?"

Nimewahi kufukuza nguruwe pori kwa rungu, lakini kumwomba mkubwa kitu, mdomo unakauka! Roho ya hofu hiyo, ilinikalia tangu ujana.

Basi kwetu Usambaani huendi kuomba mikono mitupu. Nikachukua jogoo mwekundu, ambaye kusema kweli alikuwa wa mke wangu, hilo tulishalimaliza nyumbani. Nikamfunga miguu, nikamficha ndani ya koti.

Meneja ni binti wa Tanga mjini, rika la kitinda mimba wangu.

"Shikamoo mzee. Una shida?"

"Marahaba mwanangu. Sina, nimepita kusalimu."

"Kweli huna shida?"

"Sina."

"Mbona unatetemeka? Sema, mzee wangu."

"Baridi tu."

Jogoo akawika! Ndani ya koti, jua limeshapanda! Ndugu zangu, nilimkumbuka Petro aliyekana mara tatu, palepale ofisini. Machozi yakanitoka.

Meneja akasimama. "Mzee, hiyo ni rushwa?"

"Si rushwa mwanangu, ndiyo adabu ya kwetu. Naomba na mimi nikasomee boila. Nasoma polepole, lakini nasoma."

 Akacheka mpaka akakaa. "Kumbe ni hilo! Nilidhani hutaki, hujawahi kusema. Utakwenda, mzee. Ila jogoo rudi naye."

Nikaenda Tanga. Joto la kule, acheni tu! Vijana wakaniita babu, wakanisomea maneno magumu. Leo mvuke ukipanda, mabomba yakaanza kuimba, na kiwanda kizima kikaamka kwa mkono wangu huu, navua kofia. Mimi, Bwana! Wa darasa la pili!

Wewe uliyefungia ombi lako kifuani, mtegemee Mungu, ulitoe. Asante Yesu!

Jogoo bado yupo. Mke wangu amegoma kumchinja hata Krismasi. Kila alfajiri anawika, nami nikiwa kitandani nasema Amina.