Mama Vichaka Awapatia Ndege Majirani

Tarehe 30 Juni, mkuu wa kitengo cha ndege anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha utafiti kisiwani kwa miaka thelathini na mmoja. Sisi tunamwita Mama Vichaka, na mwenyewe ameshazoea.

Alifika akiwa na shahada mbichi na viatu visivyojua matope. Alikabidhiwa ndege mdogo wa rangi ya majani makavu, anayepatikana kisiwani kwetu tu. Kila jozi ya ndege hawa ina himaya yake, na dume huilinda kwa kuimba na, ikibidi, kwa kudonoana.

Ndege walipopungua mno, uongozi uliamua kuwakamata waliobaki na kuwapeleka bara wakafugwe vizimbani. Vizimba vilishanunuliwa. Kwenye kikao, Mama Vichaka aliomba nafasi ya kusema.

“Tumefyeka vichaka, ndiyo maana,” alisema. “Kwenye kichaka kizito jozi inatosheka na eneo dogo, maana wadudu wako tele. Huku kwenye nyasi, jozi hiyohiyo inahitaji shamba zima, na inamtimua kila anayesogea. Hao vijana wao wakaishi wapi?”

“Sasa unatakaje?” mkurugenzi akamuuliza.

“Nipeni mteremko wa nyuma ya karakana, nipande miti. Nikishindwa, kamateni.”

Miche ya kwanza iliunguzwa yote na upepo wa chumvi. Siku hiyo alikaa kwenye ngazi za stoo. Mumewe, fundi seremala, alipokuja kumchukua alimtazama, akaketi kando yake.

“Kesho nakuja na watoto,” alimwambia. “Tuweke uzio wa kukinga upepo, kisha tupande upya.”

Wakaja kweli, pamoja na mabinti wao wawili waliokuwa wakilalamika kwamba mama yao huwanyamazisha mezani ndege akilia nje. Nasi tukaona aibu kukaa, tukashika majembe.

Safari hii miche ilishika. Vichaka vilipofungamana, jozi moja ilihama kutoka kwenye nyasi. Tulidhani itajitwalia mteremko mzima. Ikachukua pembe tu. Ikaja ya pili, ikakaa ubavuni mwake. Msimu uliofuata madume walikuwa wakiimbiana kutoka miti inayokaribiana, kila mmoja kwake, na makinda walikuwa viotani. Mama Vichaka alijifuta uso kwa kofia, akadai ni jasho. Mpango wa kuwapeleka bara ukafutwa, na vizimba leo tunahifadhia mipira ya kumwagilia.

Tusimpambe kupita kiasi: hunywa chai ya kila mtu bila kujua, na akitumwa sukari hurudi na habari za kiota.

Sasa anahamia kwa binti yake mkubwa, aliyejifungua juzi. Asante, dada yetu, kwa kung'ang'ana wakati sisi tulishakata tamaa. Tunakuombea afya njema, usingizi wa alfajiri ulioukosa miaka yote hii, na mjukuu atakayekubali ulale.