Fundi Aliyenyima Mwenye Gari Ufunguo

Tarehe 30 Juni 1969, Fundi Methuselah Mukhwana anaweka spana chini baada ya miaka ishirini na minne katika gereji yetu hapa Busia. Alipoarifiwa kuhusu sherehe hii, aliuliza tunamficha nini.

Ndivyo alivyo huyu mzee wa Mundika. Hata chai huinusa kwanza. Na alikuwa na desturi moja iliyotuchosha: gari halitoki mpaka mwenye gari akalie kiti na kukanyaga pedeli akiwa amevaa viatu atakavyoendeshea. Wengi tuliona ni maringo tu.

Mwaka 1966 Mzee Edris, muuza vitambaa, alileta gari lake la kale lililotiwa injini ya lori. Giaboksi mpya ilimeza nafasi ya pedeli za zamani, kwa hiyo alinunua Kampala seti nyingine: klachi, breki na mafuta kwenye chuma kimoja. Jumamosi angempeleka binti yake Shamsa kuolewa Tororo, kwa ule mteremko wa Malaba. Mukhwana alizifunga pedeli Alhamisi, akazitazama kwa jicho baya, kisha akatia ufunguo mfukoni.

Edris alizijaribu kwa makubadhi, zikakubali. Viatu vya harusi, alisema, haviletwi kwenye grisi. Basi, Mukhwana naye akagoma. Lo, maneno yalivyozuka! Edris alishuku fundi anataka kumbadilishia pedeli. Sisi wenyewe tulinong'ona kwamba Mukhwana ana mteja wa pedeli hizo ng'ambo ya mpaka. Ijumaa Edris alirudi na askari, na kwa hasira akabeba viatu. Tajiri wetu, mwenye gereji, alimwonya Mukhwana kwamba mteja akiwa na haki, kazi yake imekwisha siku hiyo hiyo.

Edris akavaa viatu vyake vipana, akawasha injini, akakanyaga breki kwa nguvu. Injini ikanguruma hadi gereji nzima ikatetemeka. Kiatu kilikuwa kimekanyaga breki na mafuta kwa pamoja. Edris akazima injini, akashuka.

"Fundi," alisema, "ningemuua mtoto wangu."

Mukhwana hakumbembeleza. Alizitenganisha pedeli, akamkanyagisha tena na tena mpaka askari akachoka kungoja, akaenda zake. Jumamosi bibi harusi alifika Tororo salama.

Leo Shamsa amekuja na mwanawe, na ameomba wakae safu ya mbele.

Mzee Mukhwana, tunakuombea afya, mvua ya kutosha shambani na usingizi usio na mashaka. Asante kwa miaka yote uliyokataa kutuamini.