Mjomba Justus na Neno "Tragedy"

Ndugu waombolezaji, naitwa Monicah, mpwa wa marehemu, na familia imenipa heshima ya kuwasomea maisha ya mjomba wangu, Justus Makokha, kabla mwili wake haujasafirishwa kesho kutoka hapa Dubai kwenda nyumbani Webuye.

Alizaliwa huko Webuye tarehe 9 Juni 1958, akasoma hapo hapo hadi kidato cha nne mwaka 1977, akiwa na Kiingereza cha kuwachosha walimu, na mwezi Januari 1980 akaajiriwa Nairobi na gazeti moja la Kiingereza, kazi yake ikiwa kusahihisha habari za waandishi wa mikoani na kuzitia vichwa. Tarehe 14 Aprili 1984 alimwoa Jecinta, anayetusikiliza sasa hivi kwa simu, wakajaliwa mtoto mmoja, Boaz, na mimi nikawa wa pili kwa njia ambayo wazee wameniomba niipite, lakini sitaipita.

Magazeti ya siku zile yalikuwa na desturi, mwizi akimuua mwenye duka iliandikwa ameua, bali mume akimuua mkewe iliandikwa "tragedy", yaani msiba umeikuta familia, kana kwamba umeingia wenyewe dirishani. Tarehe 19 Agosti 1986 mjomba alipokea habari ya mwanamke aliyekatwa kwa panga na mumewe, akaandika kichwa kwanza kama alivyozoea, "Family tragedy in Webuye", ndipo akaisoma habari yenyewe, na katika mstari wa tatu akalikuta jina la dada yake, Redempta.

Redempta ni mama yangu. Baba yangu alimkata shingoni, mkononi, na tena mgongoni alipokuwa akitambaa kuelekea mlangoni, nami nilikuwepo, nikiwa na miaka minne. Ukurasa ulikuwa unasubiriwa mtamboni, na mjomba hakukibadilisha kichwa kile. Alinieleza mwenyewe hapa Satwa mwaka 2011, akilia mbele ya watu hotelini, nikamkasirikia mwaka mzima, japo ndiye aliyenichukua siku ya mazishi na kunilea pamoja na Boaz.

Gazeti lilimpunguza kazini mwaka 2002, akahangaika na vibarua, na mwezi Septemba 2008 akaja Dubai kuwa mlinzi wa majengo kule Discovery Gardens, mzee kati ya vijana, akiwasahihishia barua zao za kuomba likizo bila kuombwa.

Ijumaa tarehe 4 Machi 2016, saa saba mchana, yeye na mwenzake wa zamu walisikia mwanamke akipigwa kwenye ngazi za ghorofa ya pili. Mubarak, mlinzi mwenzake kutoka Uganda, anasema alimwambia mzee, yalla, haya basi, tuite polisi tungoje, naye akamjibu, ita wewe, akapanda. Alimkuta mume akimgongesha mkewe kichwa ukutani, akajitia katikati, akapigwa kwa chuma cha mazoezi mara tatu, fuvu likapasuka, na hata alipoanguka aliendelea kuushika mguu wa yule mwanamume mpaka polisi wakafika. Hakuzinduka tena, akafariki hospitalini Jumapili tarehe 13 Machi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Kampuni imetuletea barua ya rambirambi, na wazee wamekubali isomwe, ikisema amefariki katika "tragedy" iliyotokea kazini. Ninayo hapa na sitaisoma. Mjomba wangu ameuawa, na aliyemuua ana jina.

Tunawashukuru madaktari waliompasua mara mbili, walinzi wenzake waliotoa damu, na majirani wa Satwa waliotupikia tangu Jumapili. Namshukuru pia Judy, yule mwanamke wa kwenye ngazi, aliyeketi pale nyuma na mkono wake uliofungwa, ambaye jana alikwenda polisi peke yake, akalitaja jina la mumewe, akaeleza alichofanya, tangu pigo la kwanza hadi la mwisho. Mama yangu hakuwa na wa kumsemea. Wewe umesemewa, mjomba, lala kwa amani.