Mtunzaji wa Nyundo

Wafiwa wenzangu, majirani na nyote mliofika, familia imenikabidhi kazi ya kusoma maisha ya mdogo wangu wa kike, nami ni kaka yake mkubwa, sioni tangu nilipougua surua nikiwa na miaka sita, kwa hiyo nitasoma kwa vidole, katika karatasi za nukta nundu, na nawaomba mnivumilie nikienda polepole.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 11 Aprili 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu, karani wa reli, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho. Alianza shule ya msingi Januari 1958, akamaliza sekondari mwaka 1968, na tangu alipojua kusoma yeye ndiye aliyenisomea magazeti, akiruka habari zisizompendeza, akidhani sijui.

Alihitimu ufundi wa simu Desemba 1971, na kuanzia tarehe 3 Januari 1972 hadi mwaka 1997 alifanya kazi katika kituo cha simu, ambako wenzake walimwita Fundi Masikio, kwa sababu alitambua waya mbovu kwa kusikiliza mlio wake. Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na shemeji yangu, fundi saa, wakajaliwa watoto wawili, mvulana ambaye sasa ni mtaalamu wa maabara, na msichana ambaye ni mpimaji wa ardhi.

Februari 1998 aliajiriwa kutunza mitambo katika shule ya wasioona, ile niliyosoma na baadaye kufundisha, akaikuta mashine ya kuchapa nukta nundu imefunikwa shuka, haina kazi, kwa kuwa kompyuta za shule zilitumia mfumo huria, ule ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha, na mtengenezaji wa mashine hakuwa ameuandikia kiendeshi, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuiamuru mashine. Alimwandikia barua tatu, akajibiwa moja, kwamba siri za mashine hazitolewi. Basi akaunganisha waya zake mwenyewe, akafuatilia kila ishara inayopita, kama alivyozoea kwenye simu, na tarehe 3 Novemba 2000 akaniletea ukurasa wa kwanza, nikaupapasa, nikamwambia kwamba humu hamna hata neno moja.

Kosa lilikuwa la mtu mwenye macho, maana mashine hugonga karatasi kwa nyuma, naye alikuwa amekagua upande wa vishimo, akaridhika, ilhali sisi tunasoma upande wa vinundu, ambako kila kitu kilitoka kinyumenyume. Nilimwambia amenichapia kitabu cha kusomwa kwenye kioo, akanijibu nijaribu kukisoma nikiwa nimelala chali, tukacheka hadi mpishi wa shule akaja kuuliza kulikoni. Tangu siku hiyo hakutoa toleo lolote la kiendeshi kabla sijasoma ukurasa mzima, na chini ya kila toleo aliandika, "Imesomwa na kaka."

Mwaka 2001 kiendeshi chake kilipokelewa katika mfumo huo, kikatumika katika shule za nchi nyingine pia, na hata mtengenezaji alipofunga kiwanda mwaka 2006, mashine yetu, ambayo wanafunzi huiita Nyundo kwa kishindo chake, iliendelea kugonga, kwa sababu kila mfumo ulipobadilika mtunzaji wake alikuwepo kukirekebisha kiendeshi.

Machi 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kompyuta ikiwa mapajani, hata wauguzi wakamuuliza nani hasa ndiye mgonjwa. Januari mwaka huu wasimamizi wa mfumo walitangaza kwamba kiendeshi cha zamani ambacho hakitakuwa kimeandikwa upya na kupata mtunzaji ifikapo tarehe 30 Juni kitaondolewa, na kwetu maana yake ni wanafunzi sitini na wanne kukosa vitabu vipya. Akaianza kazi hiyo, vidole vikamshinda, akamwita binti yake, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimwambia, "Mama, tupa hilo zee," akamwambia aache maneno, avute kiti, aandike. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, kazi ikiwa haijaisha.

Binti aliimaliza Jumanne, akajiandikisha kuwa mtunzaji, akanitafuta nimsomee ukurasa wa majaribio. Nilimpa historia hii, niliyoitunga mwenyewe, aichape kwa Nyundo, nami sikuzigusa karatasi hadi niliposimama hapa. Maneno nimeyahifadhi kichwani, angekosea ningeendelea tu na ninyi msingejua, lakini sikuhitaji, kila nukta iko mahali pake.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, na mimi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliomfikisha huko bila kukosa hata siku moja, wenzake wa kituo cha simu, na walimu wa shule.

Mpwa wangu, andika chini ya toleo lako kama mama alivyoandika, imesomwa na kaka. Nawe, mdogo wangu, pumzika kwa amani, Nyundo ina mtu.