Springi Ndefu za Zam

Zimeni hiyo redio, msogee. Yasiri, kaa upande huu. Faruk, wewe upande ule, karibu na miguu yangu, nikuone, maana tangu asubuhi nyinyi wawili mmo katika chumba kimoja na kila mtu anaangalia ukuta wake. Night Poni, binti yangu, niinue kidogo kwenye mto. Hapo, ahsante. Nitasema kwa Kiswahili changu cha kambini ili jirani yetu Alionzi, ambaye Kikakwa chetu hakimwingii, asikie kila neno na awe shahidi, kwa sababu daktari ameniambia nirudi nyumbani nikapumzike, na mimi nilikuwa mwanajeshi, najua mkubwa akikuambia ukapumzike ana maana gani.

Sasa nyumbani si hapa Pajulu. Hapa ni kwa Night, ametupokea mimi na mama yenu tuliposhuka kuja kutibiwa Arua, na Mungu amlipe. Nyumbani ni kule juu, lami inapowaacha Koboko mkapinda kuelekea milima ya Kongo, mkavuka ule mto usio na daraja na kupanda mwinuko wa mawe ambao teksi yoyote ya mjini ikiuona inageuza. Huko amelala baba yangu, na huko mtanilaza. Hilo halina mjadala, wala siliogopi. Kinachoninyima raha ni mama yenu Zam, huyo aliyeketi mlangoni akijifanya anachambua mchele.

Nikiondoka, Zam atakaa eda. Na mwanamke wa kwetu huikaa eda yake katika nyumba aliyoishi na mumewe, na nyumba ile kuta zake alizikandika yeye kwa mikono yake tuliporudi kutoka ukimbizini Kongo, anajua kila ufa na kila panya. Lakini mliona wenyewe siku tulipokuja hospitali. Pale mtoni gari letu lilimrusha mpaka akashika dashibodi na kulia, na Zam huyu hakulia hata siku tulipokimbia risasi. Tulipofika hapa akasema, "Mutu anataka kurudi, arudi. Mimi kwa hii gari sipandi tena." Na tangu siku hiyo, kila nikitaja nyumbani, yeye ana maharage motoni. Bodaboda msiniambie, mgongo ule hauwezi bodaboda. Kwa hiyo, wanangu, jambo lenyewe ni hili moja: mimi nitafika kule hata mkinifunga juu ya magunia, lakini mama yenu asipoweza kupanda Landikruza ile, atakaa eda yake kwenye nyumba ya watu, ndani ya kelele za mji, na mimi kule juu nitakuwa nimelala peke yangu mbele ya mlango uliofungwa.

Ndiyo maana nasema habari ya springi. Usicheke, Alionzi. Watu wengine wanaacha maneno juu ya ng'ombe, mimi naacha maneno juu ya springi za mbele.

Yasiri, mwanangu wa kwanza, fundi wangu, wewe ulikuwa sahihi ukaharibu. Ulisema springi ndefu, na ndefu ndiyo dawa, maana springi ndefu inajikunja taratibu, inalipokea shimo kabla ya kulipeleka kwenye kiti. Lakini wewe ulizitaka ili gari lisimame juu, kama yale magari ya vijana wa Arua yanayopita sokoni polepole ili yaonekane. Ukachagua zilizopinda kama upinde, ukazipachika kwenye vishikio vya springi fupi, shakeli, kile kiungo cha ncha ya springi, ikalala kabisa, haina pa kuchezea, na gari likawa gumu kuliko mwanzo. Ekseli ikasogea, gurudumu likatafuna madigadi, na tairi likapasuka njia ya Vurra na mzigo wote wa Faruk, sabuni na unga, ukamwagika mbele ya watu wa forodha. Springi hazikuwa na kosa. Kosa ni maringo.

Na wewe Faruk, usitabasamu, zamu yako imefika. Ukazing'oa zile ndefu ukazitupa nyuma ya choo cha hapa kwa Night, ukarudisha fupi, halafu ukaongeza jani la springi ya lori, bapa nene la chuma, eti "Mzee, hii ya Yasiri iko ya kupiga picha, yangu iko ya kazi." Jani la lori, mbele ya gari dogo! Kwa mzigo wako ni sawa, unga hauna mgongo. Lakini nani anakaa mbele? Mama yako. Kila jiwe la Koboko umelipeleka moja kwa moja kiunoni mwake, na hukulijua kwa sababu wewe unaendesha ukiwaza mpaka wa Kongo utafungwa saa ngapi.

Siwagombezi. Nawapenda sana, nyote wawili, na sikuwahi kulisema vizuri kwa sababu kambini hawakutufundisha. Ila nataka mjue mgongo tunaoujadili ni upi. Tulipokimbia kwenda Kongo, Yasiri, ulikuwa mchanga hata shingo haijakaza, na Zam alikubeba kwa kitambaa mpaka Aru na juu ya kichwa chake jiwe la kusagia, kwa sababu alisema hajui kama huko wana mawe. Niliwaambia watu mke wangu anabeba mawe kwenda Kongo, wakacheka, na yeye akacheka. Miaka ikapita, ukazaliwa wewe Faruk kule kule, na tuliporudi ulikuwa mzito kama ndama na umekataa kutembea, kila nikikushika unapiga kelele unamtaka mama. Akakubeba mvua na jua mpaka mlangoni kwetu. Hizo ndizo springi mlizopanda nyinyi kwanza. Hamkusikia shimo hata moja.

Nipe maji, Night. Kidogo tu.

Basi fanyeni hivi, na mfanye leo, mimi nikiwa bado nasikia. Msingoje nife, maana sheikh atawaambia maiti iharakishwe na atakuwa na haki, na hapo hakuna mtu atakayekumbuka bolti. Toeni zile ndefu nyuma ya choo, mzisugue kutu. Yasiri, zipunguze mpindo kwa baridi, kwa nyundo, usiweke moto, usichomelee kitu, jani likionja moto linakufa. Majani yawe membamba na mengi kiasi, yapakwe grisi yatelezane, na lile la lori alirudishe Faruk lilikotoka. Kishikio cha mbele kisogezwe kwenye chesisi kifuate urefu wa springi, ili shakeli isimame ikiegemea kidogo tu na iwe na nafasi ya kucheza. Ekseli ikae palepale ilipokuwa. Mpira wa breki urefushwe, usukani uangaliwe usivute upande, propela, ile shafti ya chini, isibane gari likijinyoosha. Gari lisiwe refu. Nataka mama yenu apande bila kuinuliwa na mtu kama mzigo, hapendi.

Na mzifunge pamoja. Yasiri upande wa kulia, Faruk upande wa kushoto, kazi moja, spana moja, mpeane kwa mkono. Tangu tairi lile hamjasalimiana, mnapelekeana habari kupitia kwa Night kama mabalozi. Mmoja wenu ataomba spana na mwingine atampa, na ataomba kwa jina. Nitasikia kutoka hapa, dirisha liko wazi.

Sasa mali. Shamba na nyumba na mbuzi vitagawanywa kwa sheria, kila mtu na fungu lake, na mama yenu lake, sheikh anajua, mimi siingilii. Lakini wosia ni wa yule asiye na fungu. Night Poni si damu yangu. Alikuja kutoka Sudan Kusini na kifurushi kimoja, akaketi barazani kwetu hakuomba kitu, na Zam akampa ungo achambue simsim, akabaki. Anakwenda kanisani kwake Jumapili, anarudi anatupikia, na aliponiomba nimfundishe gari sikumfundisha mara mbili. Ndiye pekee katika nyumba hii anayeangalia kiti cha pembeni kabla ya kuangalia barabara. Landikruza ni yake. Haizidi theluthi ya mali yangu, nimemuuliza sheikh. Alionzi, umesikia? Yasiri? Faruk? Semeni mmesikia. Haya. Usilie, Night, utaniharibia hotuba.

Zam, wewe uache huo mchele, umekwisha chambuliwa tangu asubuhi. Njoo unishike mkono. Wakimaliza hiyo kazi utakaa kiti cha mbele, wazunguke nawe pale kwenye mtaro wa Pajulu, uwaambie ukweli. Ukiumia, wafungue tena. Usiwaonee huruma, mimi niliwaonea nikaona matokeo.

Pumzi inakwisha... ngojeni.

Wanangu, Mungu awape radhi kama nilivyowapa mimi, yote, bila kubakiza. Awape watoto wabishi kama nyinyi. Awalinde barabarani.

Night. Sogea, siwezi kupaza sauti. Siku hiyo watanilaza nyuma, na watu watakupigia kelele, haraka, haraka, maiti inangoja. Usiwasikilize. Ukifika mtoni, shusha gia, ingiza gurudumu moja kwanza, polepole, lisubiri mpaka litulie, ndipo ulete la pili. Mimi sitasikia shimo. Wewe endesha... endesha kwa ajili ya aliyekaa mbele.

Haya. Nendeni mkainue gari. Dirisha liacheni wazi.