Kila Mtu na Kiulizo Chake

Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa nne na robo asubuhi, mkono wa kaka yetu ulilegea ndani ya mkono wa mkewe, naye Mungu akamchukua.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya mtaani kwetu, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu kompyuta mwaka 1994, na kwa kupenda kwake maswali mwalimu akambandika jina la Kiulizo, ambalo hata mama alilizoea.

Mwaka 1996 aliajiriwa hospitali kuu kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Tarehe 8 Agosti 2003 basi lilipinduka, mama mmoja akafika dirishani kuulizia wanawe watatu, karani akaandika majina yote kwa mkupuo, na kompyuta ikajibu: Hayupo. Mama yule aliketi sakafuni akawalilia watu walio hai, kwani wote walikuwa wodi ya juu wakifungwa bandeji. Kaka alitueleza kwamba mashine ilipewa majina matatu mahali pa jina moja, ikamtafuta mtu mmoja mwenye jina refu ambaye hajazaliwa. Wenzake walitaka nafasi za majina ziongezwe ziwe tano, yaishe, naye akawauliza wa sita wangempeleka wapi. Akaiandika upya programu, kompyuta ihesabu kwanza wanaouliziwa, iweke kiulizo kimoja, alama ya kushika nafasi ya jina, kwa kila mmoja, wawe wawili au arobaini, ndipo ipeleke kila jina kwenye kiulizo chake. "Msimfunge mtu kwenye furushi la wenzake," alisema, na hivyo ndivyo dirisha lile linavyofanya kazi hadi leo.

Alikuwa amefunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998 na mpishi wa hospitali hiyo, aliyemtania kwamba yeye mpishi tangu zamani hupanga sahani kwa idadi ya waliofika, wala hakusomea, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akatibiwa kwa uvumilivu, bila kukata tamaa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea viti, na wenzake wa chumba cha kumbukumbu. Mimi mdogo wake sina shaka alikokwenda. Ee Mungu, unayemwita kila mtu kwa jina lake, leo mama yetu aliyetangulia akimwulizia mwanawe mlangoni pako, ajibiwe: Yupo. Lala salama, Kiulizo. Amina.