Elieshi Swai, Aliyefundisha Hesabu kwa Miguu

Marehemu Elieshi Swai aliibiwa kazi yake akiwa hai. Michezo aliyoitunga kuwafundisha watoto hesabu ilichapishwa kitabuni kwa jina la Bi Maureen, mwenye chekechea alikofanya kazi hapa Hounslow, London. Nimelitanguliza hilo kwa sababu yeye mwenyewe hakuthubutu kulisema.

Alizaliwa Machame tarehe 12 Juni 1974. Alisoma hadi akapata cheti cha ualimu, Marangu, mwaka 1996. Mdogo wake, Haika, alibaki nyumbani kukata majani ya ng'ombe. Mwaka 1999 Elieshi alifunga ndoa na Laurean, wakajaliwa mtoto mmoja, Nickson.

Alifika London na familia yake tarehe 4 Januari 2021, akamkuta Haika, aliyetangulia kuja, anafanya usafi uwanja wa ndege. Pale chekechea Elieshi hakuwakalisha watoto. Alichora miraba kumi uani kwa chaki. Mtoto aliyesimama kwenye tano, akiambiwa aongeze tatu, hakurudi mwanzo, aliruka kutoka palepale: "Six, seven, eight!"

"Hesabu inaanzia mguu uliposimama," Elieshi alizoea kusema.

Jumapili moja alibandika miraba hiyo kwenye korido ya nyumbani, akamwita Haika.

"Dada, mimi na magoti haya niruke kama mbuzi?"

"Ruka, mama. Hata mbuzi anajua alipokanyaga."

Siku hiyo Haika, mwenye miaka arobaini na sita, alijumlisha kwa mara ya kwanza bila kushika vidole.

Kitabu kilipotoka, Mei 2023, Elieshi alimfuata Bi Maureen.

"Kibali chako cha kukaa nchini nimesaini mimi," akajibiwa. "Ukitoka hapa umetoka Uingereza, wewe na huyo kijana wako. Sasa unataka jina ama unataka kukaa?"

Akarudi kazini. Kila asubuhi aliingia kwa mlango uleule, akachezesha michezo yake kwa kusomewa maelekezo ya kitabu cha mwingine.

Tumbo lilianza kumuuma Oktoba 2024. Hakuomba ruhusa, kwa hofu ileile. Alipofika hospitali, saratani ilikuwa imeshaingia kwenye ini. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, Laurean akiwa amemshika mkono. Ilibaki miezi kumi apate kibali kisichotegemea saini ya mtu.

Ameacha mume, Laurean, mwana, Nickson, na mdogo wake, Haika.

Bi Maureen yupo hapa leo kwenye maziko haya, safu ya tatu. Deni analodaiwa ni kusimama mbele ya wazazi wa watoto wale aseme michezo ile ni ya Elieshi, na kuliandika jina lake kitabuni. Katika kulidai hilo, familia haitarudi mwanzo. Itaanzia mguu wake uliposimama.

Elieshi na apumzike kwa amani. Deni analodai halijapumzika.